Nani Alikanyaga Udongo wa Matofali Haya?



Katika parokia moja ya kando ya Ziwa Tanganyika, ambako nilialikwa kama msikilizaji, baraza la walei lilikuwa likijadili nyumba ya zamani ya mapadri. Paa lake linavuja, mchwa wametafuna boriti, na mkuyu mchanga umetia mizizi katika ufa wa ukuta. Wazee walitaka itengenezwe. Kijana mmoja wa Kiro akasimama, akasema kwa adabu: “Wazee wetu, hiyo ni nyumba ya wazungu. Tuibomoe, na matofali yaliyo mazima yatusaidie kujenga ukumbi wa vijana.” Hakuna aliyemjibu. Walinung’unika tu kwamba vijana wa siku hizi hawaheshimu kitu.

Kijana yule alistahili jibu, na lawama ya kwanza naiweka juu yetu sisi tuliomtangulia. Ni nani kati yetu aliyemweleza nani alikanyaga udongo wa matofali yale, nani alikata kuni za tanuru, na akina mama gani walibeba maji kutoka ziwani? Mmisionari alichora ramani na kushika timazi. Waliofyatua, waliochoma na waliopandisha kuta walikuwa watu wa vijiji vyetu, pamoja na wale waliokombolewa utumwani, ambao walikaa misioni kwa sababu hawakuwa tena na kwao.

Hata hivyo, tusimjibu kwa hadithi tamu. Chukueni Mpala. Mbelgiji Émile Storms alijenga ngome yake pale mwaka 1883. Mwaka uliofuata watu wake walimwua mtemi Lusinga, na fuvu la mtemi huyo likapelekwa Ubelgiji. Mwaka 1885 ngome ikakabidhiwa kwa Mababa Weupe, na mwaka 1887 akafika Kapteni Joubert kuwalinda watu wa misioni dhidi ya wafanyabiashara ya watumwa. Hapo hapo Mpala, mwaka 1899, Stefano Kaoze aliingia seminari ndogo. Na tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, yaani Kirungu ya leo, alipewa daraja takatifu, akawa padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi. Walikotoka waliomwua Lusinga ndiko alikotoka pia Padri Kaoze.

Basi mtu akiniambia kwamba kuta hizi zinakumbusha ukoloni, namkubalia. Nyingine zilipandishwa kwa kazi ambayo wananchi hawakuichagua. Lakini kubomoa hakumrudishii haki mfanyakazi yule. Kunafuta alama pekee aliyoiacha duniani, maana jina lake halikuandikwa popote, ila labda katika daftari la ubatizo.

Yoshua aliwaamuru Waisraeli watoe mawe 12 katika mto Yordani, ili siku watoto watakapouliza maana yake, baba zao wawasimulie. Agizo hilo linadai mambo mawili: mawe yabaki, na baba awe na la kusema. Sisi tumelinda mawe nusu nusu, na masimulizi tumeyaacha kabisa.

Serikali nayo ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni, ile ya tarehe 15 Machi 1971. Ni njema, lakini sheria haipandi juu ya paa kuziba tundu. Adui mkubwa wa nyumba ya zamani ni maji, kwa hiyo paa na mifereji yake vitangulie mengine yote. Mkuyu ukatwe ungali mchanga, kabla mizizi haijaupasua ukuta. Na tuache desturi ya kupaka saruji ngumu juu ya matofali laini ya kale: ukuta unapendeza miaka michache, kumbe unyevu umefungiwa ndani na tofali linageuka vumbi. Chokaa ndiyo iliyotumiwa na waliotutangulia, na ndiyo inayofaa hata sasa.

Mtauliza fedha zitatoka wapi, ilhali kuna wajane na watoto wasiosoma. Swali hilo ni la haki. Sidai kila kibanda cha misioni kiokolewe. Jiko lililokwisha kuanguka liacheni liende. Lakini vijana wale wanatafuta ukumbi, na nyumba ile ina vyumba vitupu vyenye kuta nene na baridi nzuri. Kwa nini wasikabidhiwe wenyewe, Kiro na Xaveri kwa pamoja, waitengeneze chini ya fundi mmoja mzee, kisha waitumie? Na wawili wao waingie katika kamati wakiwa na sauti kamili ya kuamua. Tusiwaite tu siku ya kubeba mchanga. Nyumba inayokaliwa na kufagiwa hudumu, na kijana hawezi kupenda kitu ambacho hukikuta kimefungwa kwa kufuli daima.

Baraza limeahirisha uamuzi hadi mvua zipite. Baada ya mkutano nilizungumza na kijana yule, naye alikubali kwenda na mwenzake kwa bibi mmoja wa mtaa wa misioni, ambaye baba yake alichoma matofali ya nyumba ile, ili waandike masimulizi yake na kuhifadhi sauti yake katika simu. Bibi huyo amekwisha kupita miaka 80, na tangu Pasaka haonekani tena kanisani. Nimewasihi waende juma hili.