Zumaridi Zilizotiwa Mafuta: Mnunuzi Aambiwe

Mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu hapa Morogoro, alitenga sehemu ya kiinua mgongo chake akamnunulia mkewe pete ya zumaridi. Duka lilikuwa la heshima na muuzaji alikuwa mtu wa maneno mazuri. Baada ya miaka miwili hivi pete ililegea pale inapokishika kito, mama akaipeleka kwa sonara wa mtaani. Sonara akaikaza, kisha kwa nia njema akaitumbukiza katika mashine yake ya kusafishia kwa mitetemo, ile ile anayosafishia mikufu ya dhahabu. Iliporudi nyumbani, kito kilichokuwa na kijani kilichokolea kilikuwa kimefifia, na ndani yake imejitokeza michirizi myeupe kama ya kioo kilichopasuka. Siku hiyo hiyo sonara akaitwa mwizi. Ilidaiwa kwamba amekibadilisha kito.

Sonara hakubadilisha kitu. Kito kilikuwa kile kile. Kilichotoka ni mafuta.

Watu wengi wakisikia kwamba zumaridi imetiwa mafuta hudhani ni jiwe bandia. Hilo si kweli. Zumaridi ni jiwe la jamii ya berili, lipatalo kijani chake kutokana na chembe za kromiamu au vanadiamu, na aghalabu hutoka ardhini likiwa na nyufa nyingi ndogo ndogo. Wafanyabiashara, kwa kuwafuata Wafaransa, huuita mkusanyiko huo wa nyufa na chembe za ndani "bustani". Jina la kupendeza mno kwa kasoro. Nyufa zinazofika kwenye uso wa jiwe hujaa hewa, na mwanga ukifika kwenye hewa hiyo hurudi nyuma, ndiyo sababu ufa huonekana mweupe. Mafuta ya mwerezi huupinda mwanga kwa kiasi kinachokaribiana na zumaridi yenyewe. Yakiingia katika ufa, jicho haliuoni tena, na rangi ya jiwe hutokeza kwa ukamilifu. Desturi hii ni ya miaka mingi, na zumaridi nyingi sana zinazouzwa duniani, ziwe za Muzo huko Colombia au za Kafubu nchini Zambia, zimepitia humo. Wala hapana sababu ya kudhani kwamba zile za kwetu, za kando ya Ziwa Manyara au za upande wa Sumbawanga, zimeepushwa nayo.

Kwa hiyo sina ugomvi na mafuta. Ugomvi wangu ni na ukimya wa muuzaji.

Kuna jiwe lililotiwa mafuta kidogo katika ufa mmoja, na kuna jiwe ambalo uzuri wake karibu wote umetokana na vilivyojazwa ndani yake. Mawili hayo yakiwekwa bega kwa bega dukani yaweza kufanana, na bado thamani zao zikapishana mno. Tena wako wanaotumia mafuta yaliyotiwa rangi ya kijani, na huo ni udanganyifu mtupu. Wengine hutumia gundi za viwandani za jamii ya epoksi. Hizo hudumu kuliko mafuta, lakini baadhi yake hugeuka rangi au kuingia ukungu kadiri miaka inavyopita, na kuziondoa ni kazi ngumu. Katika miaka ya 1990 mambo hayo yaliyofichwa yalipodhihirika, imani ya wanunuzi huko Marekani ilianguka na bei ya zumaridi ikaanguka nayo. Ndipo maabara ya GIA ilipoanza, mwaka 2000, kupanga zumaridi zilizojazwa katika ngazi tatu: kidogo, wastani na nyingi. Miongozo ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya nchi hiyo nayo humtaka muuzaji aeleze matengenezo yaliyofanywa, iwapo si ya kudumu, au yanadai utunzaji wa pekee, au yanagusa sana thamani ya kito. Mafuta ndani ya zumaridi hayadumu, na utunzaji wa pekee yanaudai bila shaka.

Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kwa maoni yangu, muuzaji anayejua kwamba kito kimejazwa, akapokea fedha na kunyamaza, amepotosha sawasawa na aliyesema uongo. Yapasa stakabadhi yenyewe ieleze: zumaridi ya asili, imetiwa mafuta, au imetiwa gundi, na kwa kiasi gani. Ni mstari mmoja wa wino. Muuzaji anayekataa kuuandika amekwisha kujibu swali.

Mnunuzi naye aulize kabla ya kutoa fedha. Kioo cha kukuza mara 10 chaweza kumwonyesha viputo vya hewa ndani ya ufa, au mmetuko wa buluu au wa rangi ya chungwa jiwe linapogeuzwa polepole, dalili ambayo mara nyingi ni ya gundi. Lakini tusidanganyane: mwalimu wa hisabati hawi mjuzi wa vito kwa kushika kioo asubuhi moja. Kito cha bei kubwa kipelekwe kwa wataalamu wenye vyombo, nacho kipewe cheti.

Akiisha kukinunua, akitunze kwa jinsi kilivyo. Zumaridi isafishwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni laini kidogo na kwa brashi laini, isilowekwe, kisha ifutwe kwa kitambaa. Maji ya moto, mvuke, spiriti, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha na mashine za mitetemo ni adui zake. Pete ivuliwe wakati wa kupika na kufua, wala isiachwe juani dirishani. Sonara anayetaka kuchomelea pete akitoe kito kwanza, maana joto la moto hukausha mafuta na laweza kupanua nyufa. Tena isiwekwe kijaluba kimoja na almasi au yakuti, mawe magumu zaidi yatakayoikwaruza.

Mafuta yakikauka, fundi anayeijua kazi hiyo aweza kuzisafisha nyufa na kuyaingiza upya. Ndivyo ilivyofanyika kwa pete ya jirani yangu, huko Arusha. Kijani kimerudi, na mama anaivaa kanisani kila Jumapili. Mwalimu amekwenda mara mbili kwa sonara kumwomba radhi. Mara ya kwanza alikuta mlango umefungwa. Mara ya pili sonara alimsikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye kazi yake bila kujibu.