Mkopeshaji Naye Ana la Kujibu

Mkopo wa holela, kwa mujibu wa Sheria ya Taifa ya Mikopo ya Afrika Kusini, Namba 34 ya mwaka 2005, ni ule unaotolewa bila mkopeshaji kupima kwanza kama mkopaji ataumudu. Hata kipimo kikifanyika, mkopo ni holela ikiwa mkopaji hakuelewa gharama na hatari za alichotia sahihi, au ikiwa hesabu zilionyesha kwamba utamzamisha, na fedha zikatolewa vivyo hivyo.

Kabla ya sheria hiyo mzigo ulimwelemea mdaiwa peke yake. Mwaka 1992 mikopo midogo isiyozidi randi 6,000 iliondolewa kikomo cha riba, na maduka ya kukopesha yakazagaa. Mitaani kuna mkopeshaji aitwaye mashonisa, ambaye Tanzania angeitwa kausha damu. Huyu huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba ya siri. Siku ya mshahara hutangulia yeye kwenye mashine, akatoa chake, ndipo mwenye jasho akaona kilichobaki. Kilichobaki hakivuki katikati ya mwezi, basi hurudi kukopa kwa mtu yule yule. Sheria inakataza waziwazi kushika kadi, namba ya siri au kitambulisho cha mkopaji. Mtenda hayo anamnyang'anya mtu riziki yake.

Kupima si kazi ngumu. Kanuni za mwaka 2015 zinamtaka mkopeshaji aangalie hati za mshahara au taarifa za benki za miezi mitatu, atoe gharama za lazima na madeni mengine, aone kinachosalia. Tuseme mfanyakazi anapokea randi 9,000 mkononi. Kodi ya nyumba, chakula, nauli na ada vinakula 6,500, madeni ya awali 1,800. Anabakiwa na 700. Anayempangia rejesho la 1,500 kwa mwezi ameliona shimo, akamsukuma humo. Mahakama ikiridhika kwamba mkopo ulikuwa wa holela, inaweza kufuta deni lote au sehemu yake, au kulisimamisha kwa muda, na muda huo riba wala ada havihesabiwi. Ila kinga hii ni ya mkweli: mkopaji aliyeficha madeni yake hadi kipimo kikapotoka amempa mkopeshaji utetezi kamili.

Aliyekwisha kuzidiwa ana njia ya mapitio ya madeni. Huenda kwa mshauri wa madeni aliyesajiliwa, akiwa na orodha ya kila anayemdai. Ndani ya siku 5 za kazi mshauri huwajulisha wadai wote, kisha huandaa mpango wa marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi, nao hupelekwa kwa hakimu. Wahenga walinena kwamba dawa ya deni ni kulipa, na ni kweli, lakini dawa hiyo haichanganywi na mkopo mwingine. Ndiyo maana aliye katika mapitio haruhusiwi kukopa tena. Sharti hilo ni chungu, lakini ni la haki.

Jicho la hakimu lina thamani kubwa. Kwa miaka mingi mishahara ilikatwa kwa amri zilizotolewa na makarani, mara nyingine katika mahakama za mbali na anakoishi mfanyakazi, bila yeyote kuuliza watoto wake watakula nini. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba amri ya namna hiyo lazima iidhinishwe na hakimu.

Kinachowaponza wengi ni haya. Mtu huficha barua ya mdai chini ya godoro ili mwenzake asijue, huku siku zikienda. Barua ya onyo inatakiwa imweleze mdaiwa kwamba anaweza kwenda kwa mshauri wa madeni, na mdai haruhusiwi kufungua kesi kabla ya siku 10 za kazi kupita tangu aipeleke. Mdai akishafungua kesi, deni hilo haliingizwi tena katika maombi mapya ya mapitio. Mwenye barua kama hiyo nyumbani aifungue leo.