Guka Hakukosea Nguo, Kadi Ndiyo Ilikosea

Wadau, leo sina video. Nimeamua kuandika kwa sababu nikiongea nitatukana, na mamangu yuko humu anafuatilia kila kitu.

Desemba iliyopita dadangu alitunukiwa kazini kwao. Ilikuwa dina ya kufunga mwaka, kwenye ukumbi mmoja hapa Milimani, jina naliacha. Kila anayetunukiwa aliambiwa alete wageni wawili. Akanichukua mimi na guka. Guka kwa sababu ndiye aliyeuza ng'ombe wawili ili yeye amalize chuo. Kadi ilikuwa nyeusi, maandishi ya dhahabu, na chini kabisa: mavazi rasmi, tai nyeusi.

Guka ana miaka 79. Alivaa suti yake ya Kaunda, ile ya kijivu, aliyoshonewa na fundi mmoja wa Kihindi hapa mjini mwaka 1984 alipokuwa karani wa ghala la mahindi. Ndiyo aliyovaa mamangu akiolewa. Ndiyo aliyovaa tukimzika cucu. Aliipiga pasi mwenyewe na pasi ya makaa, ya stima haiamini, na viatu vyake viling'aa kuliko vyangu.

Mlangoni kijana wa usalama akamwangalia juu chini. "Mzee, samahani, hapa ni tai." Akatoa kisanduku chenye tai za kuazima. Sasa wewe niambie, tai kwenye suti ya Kaunda unaifunga wapi? Kijana naye akaona. Akaleta blaza iliyokuwa imetundikwa hapo nyuma, kubwa, inanuka moshi wa nyama choma, eti guka aivae juu ya suti yake. Guka akauliza kitu kimoja tu, polepole: "Kijana wangu, suti hii ina kasoro gani?" Akajibiwa, "Hata bunge imeikataza, mzee."

Guka akaniambia niingie, nisimwache dada yangu peke yake. Yeye akarudi kwa gari. Nilimkuta saa nne usiku amekaa na askari wa geti, wanakunywa chai ya thermos, wanaongea bei ya mbolea. Zawadi ya mjukuu wake aliiona kwa simu yangu, video ya sekunde arobaini, na nusu yake ni kichwa cha mtu aliyekaa mbele yangu.

Nilipoiposti hiyo stori mara ya kwanza, wengi wenu mliniambia sheria ni sheria, kama hutaki kufuata kaa nyumbani. Haya, tuongee sheria.

Kijana wa mlangoni simlaumu. Alisema kweli. Mwishoni mwa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Kitaifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda na mavazi ya kiasili ya Kiafrika bungeni. Mwanamume avae koti, shati la kola na mikono mirefu, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Na hiyo ilikuwa wakati Rais Ruto mwenyewe amevaa Kaunda karibu kila wiki, mpaka mafundi wa mitaani wakapata kazi isiyoisha. Ina maana guka alikuwa amevaa kama Amiri Jeshi Mkuu, lakini akanyimwa sahani ya kuku.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Msingi huo sasa unaambiwa usubiri kwa gari.

Sasa hebu tuulize hii heshima ya tai tuliipokea kutoka kwa nani. Kutoka kwa Waingereza, si ndiyo? Mwezi Juni 2017, Spika wa bunge lao huko London, John Bercow, alisema mbunge mwanamume si lazima avae tai ndipo aongee. Februari 2021 huko New Zealand, mbunge wa Kimaori, Rawiri Waititi, alitolewa bungeni kwa kukataa tai. Alikuwa amevaa pambo la shingoni la watu wake, akasema hiyo ndiyo tai yake. Wiki hiyo hiyo sharti la tai likaondolewa. Wenyewe wamelegeza, sisi tumekaza fundo.

Nina binamu anayefanya kazi kwenye meli za kitalii, zile kubwa zinazobeba watu kama mtaa mzima. Yeye ni mhudumu wa mezani. Huko kuna usiku wa rasmi, wanaume kwa taksido, wanawake kwa magauni marefu yanayofagia sakafu. Nilimpigia nikamuuliza, huko mtu asipokuwa na tai nyeusi inakuwaje? Akacheka. Akasema usiku wa rasmi wazee wa Scotland huja na kilti, magoti nje, soksi ndefu, na mfuko wa ngozi ukining'inia mbele, na hao ndio wanaopigwa picha zaidi. Mama wa Kihindi anakuja na sari yake, anavutiwa kiti kama malkia. "Sisi hapa mzee mwenye sketi tunamfungulia mlango," aliniambia. "Nyinyi huko Nakuru mzee mwenye suruali mnamfungia?"

Sikuwa na jibu. Na huko ndiko taksido ilikotuzoesha kuiheshimu, jamani. Wazungu waliokuja kulima hapa Rift Valley walifika Mombasa kwa meli, na daraja la kwanza hukuli chakula cha usiku bila kubadilisha nguo. Hiyo tabia ikapanda treni nao mpaka kwenye klabu za huku juu. Lakini kuna kipande ambacho waandaaji wa dina hawakukisoma. Wale walowezi matajiri wa bonde la Wanjohi, upande ule wa Gilgil, wale wa Happy Valley wa miaka ya 1920 na 1930, walijulikana kwa kuja mezani usiku wakiwa na pajama na joho la kulalia. Pajama! Mabwana wenyewe wakikaa kwa starehe zao walikuwa wanakula na nguo za kitandani, na mjukuu wa karani anakodi taksido ili aonekane amestaarabika.

Na kukodi si bure. Mimi mwenyewe nililipa shilingi 3,500 kwa usiku mmoja, suruali imenibana, na nikawekewa rehani ya kitambulisho. Dadangu alishonesha gauni la mabega wazi kwa sababu kundi la WhatsApp la ofisi lilisema hivyo, na usiku wa Milimani mnaujua. Alitetemeka kuanzia sala mpaka hotuba ya mwisho. Dada wa usafi kwenye ofisi hiyo hiyo hakuja kabisa. Alisema ana malaria. Siku iliyofuata alikuwa kazini mzima.

Kuna msomaji mmoja aliniandikia vizuri, nataka nimjibu kwa heshima. Alisema suti ya Kaunda si utamaduni wetu, ni safari suti ya mkoloni iliyobatizwa jina la rais wa Zambia. Ni kweli, jina ni la Kenneth Kaunda, na mshono ule si wa babu zetu. Lakini hata tai ilifika Ufaransa na askari wa Kroatia kwenye karne ya 17. Kitenge tunachokivaa kwa majivuno kiliigwa na Waholanzi kutoka batiki za Indonesia. Kanzu ya Waganda ilifika kwao na wafanyabiashara wa pwani. Hakuna nguo isiyokuwa na nauli. Swali langu ni nani anayeamua ipi imefika na ipi bado iko stendi.

Tena Waganda nawapenda kwa hili. Nenda kwao kuposa bila kanzu na koti juu yake uone kama utapita. Masharti yao ni makali kuliko ya dina yoyote ya Milimani. Kwa hiyo msinisingizie kwamba nataka watu waje kwa sherehe na malapa na jezi ya Arsenal. Mimi napenda nguo, ndiyo kazi yangu humu. Napenda usiku ambao watu wamejipamba, mzee amenyoa ndevu, mama ametoa ile brochi ya harusi. Pwani ukimwona mtu na kanzu nyeupe, kofia iliyofumwa kwa mkono na koti jeusi, huyo amevaa rasmi, na hakuna atakayemuuliza tai. Ghana, Nkrumah alivaa kente mbele ya dunia. Usirasmi uko kwetu. Kinachokosekana ni mlango unaoutambua.

Na guka alikuwa rasmi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mimi niliyeingia nilikuwa na taksido ya kukodi, iliyotobolewa na sigara ya mtu mwingine kwapani, shati la mtumba, na tai ya kubana kwa klipu. Aliyebaki nje alikuwa na nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wake, iliyotunzwa kwa miaka arobaini. Kama kanuni ya mavazi inashindwa kuona nani kati yetu wawili amejiandaa kumheshimu mwenyeji, basi inapima kitu kingine. Inapima kama unafanana na picha fulani. Na kwenye picha hiyo guka hayumo, hata akizaliwa upya.

Waandaaji, najua baadhi yenu mko humu kwa sababu mnanitumia kadi nizitangaze. Siombi makubwa. Pale chini, baada ya "tai nyeusi," ongezeni maneno manne: au vazi rasmi lenu. Halafu mwambieni kijana wa mlangoni kabla wageni hawajafika, si baada. Na ile blaza ya moshi ichomeni.

Dadangu amepata kadi ya mwaka huu wiki jana. Rangi imebadilika, sasa ni maruni, lakini maandishi ni yale yale. Nimepiga simu nikauliza kuhusu suti ya Kaunda. Dada aliyepokea akaniambia nisubiri, nikasikia wanashauriana, kisha akasema watanipigia. Hii ni siku ya sita. Guka hajui kama nimepiga, lakini jana nilimkuta ameitoa suti kwenye sanduku, anatafuta uzi wa kijivu. Kifungo cha tatu kimelegea.