Karte grafiki kubwa: tuanze kwa umeme, si kwa jina

Kijana wa montaji anayetafuta karte grafiki leo, awe Goma, Bukavu ao Bunia, anatajiwa kwanza ile ya juu kabisa: RTX 5090 ya NVIDIA. Ilitoka Januari 2025 kwa bei ya dola 1.999, kabla ya kuongeza usafiri, duane na faida ya muuzaji. Kwa studio nyingi za hapa kwetu, hayo ni makuta ya likelemba ya miezi mingi, na wakati mwingine ni deni la familia nzima. Maoni yetu ni kwamba wengi wao wasiinunue. Na sababu ya kwanza haiko ndani ya karte, iko kwenye ukuta, pale mnapochomeka waya.

RTX 5090 inakula hadi wati 575. NVIDIA yenyewe inaomba ordinatere iwe na alimantasio ya wati 1.000. Sasa tuangalie ile ondulere ndogo ya 650 VA ambayo wengi wetu tunayo chini ya meza. Inabeba karibu wati 360 tu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, haitakupa hata dakika ya kufunga faili, itazimika palepale. Kwa hiyo anayetaka karte hiyo anapashwa kuhesabu pia ondulere kubwa, stabilizatere ya kweli, na mafuta kama anatumia grupu. Saa sita za kazi nzito ni karibu kilowati-saa 3,5 kwa karte peke yake. RTX 5070 Ti, yenye wati 300, inakula 1,8 kwa saa zilezile. Bei ya karte inalipwa mara moja, lakini Cash Power inalipwa kila juma.

Mkaaji wa Goma anayepata umeme wa Matebe anaweza kusema kwamba shida hiyo ni ya wale wanaosubiri SNEL. Lakini kinachoua vifaa ni umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika, na kurudi vibaya mara moja kunatosha.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Wengi wanaotafuta karte kubwa wanafanya video za ndoa, klipu za wanamuziki na ripoti za mashirika. Kamera nyingi za Sony na Canon wanazotumia sasa zinarekodi kwa mfumo wa 4:2:2 wa biti 10, ambao unaifanya ordinatere ya zamani ikwamekwame kila unapogusa picha. NVIDIA iliweka uwezo wa kufungua faili hizo katika kizazi chote cha RTX 50, si katika 5090 tu. Yaani kile mpiga video wa ndoa anachohitaji zaidi kiko pia katika karte ya dola 749, bei ambayo 5070 Ti ilitoka nayo.

Kitu cha kuangalia sana ni memori. Ikijaa, DaVinci Resolve inasimama na kukuambia memori imejaa, na Blender inakuwa nzito ao inakataa kumaliza picha. Kwa kazi za hapa, giga 16 zinatosha, na 5070 Ti inazo. RX 9070 XT ya AMD pia ina giga 16, wati 304, na ilitoka kwa dola 599. Kwa michezo ni karte nzuri sana. Lakini programu nyingi za 3D na za akili bandia zilijengwa kwanza juu ya CUDA ya NVIDIA, kwa hiyo anayezitumia kila siku aulize vizuri kabla ya kufuata bei. Tena msidanganywe na jina: RTX 5060 Ti inauzwa ya giga 8 na ya giga 16, na jina ni lilelile.

Nani basi anunue 5090? Yule anayeendesha modeli kubwa za akili bandia kwenye ordinatere yake, maana giga 32 zitamsaidia kweli, ao studio ya 3D yenye wateja wanaolipa. Hao tunajua wako, lakini si wengi.

Inauma kidogo kufikiri kwamba bati inayounganisha vipande vya elektroniki inatoka pia Bisie, na tantali ya kondensa inatoka pia Rubaya. Vinaondoka hapa kwa magunia, vinarudi kwa bei ya pikipiki.

Kwa wauzaji tuna neno moja. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi huohuo wa Januari 2025, kurudisha karte mbovu kwa garanti ya Dubai ni hadithi tu. Kuna karte za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitaje kwa jina jipya. Kuna pia RTX 3090 za mwaka 2020, zenye giga 24, ambazo nyingi zilichimba Ethereum mchana na usiku mpaka kazi hiyo ilipoisha Septemba 2022. Kuuza karte iliyotumika si kosa. Kosa ni kuificha. Muuzaji aichomeke mbele ya mteja, afungue GPU-Z, aiache ifanye kazi nzito nusu saa, kisha aandike namba ya karte kwenye fakture. Akikataa, mteja arudishe makuta mfukoni.

Kati ya dola 1.999 na 749 kuna dola 1.250. Kwa makuta hayo studio inapata alimantasio nzuri, ondulere ya 1.500 VA, diski mbili za kutunza kazi za wateja, na bado inabaki na ya kununua ventilatere nyingine siku vumbi nyeusi ya Goma itakapoziba zile za kwanza.