Boti ya Matumbo Mawili Haitaki Farumi

Anayenunua boti mpya ya kabini siku hizi, awe Dar es Salaam, Tanga, Unguja au Mombasa, hupewa ushauri wa namna moja kutoka kila upande: ivishe kwanza, ndipo uishushe majini. Muuzaji ana orodha yake ya vifaa, fundi umeme ana yake, na jamaa wa barazani humalizia kwa kumwambia kwamba chombo chepesi hutupwatupwa na bahari, kwa hiyo uzito wa vifaa hivyo ni faida juu ya faida. Basi inaingia jenereta, kinafuata kiyoyozi, friji, tangi la maji la lita 200, betri nne, televisheni, na mnyororo wa nanga unaojaza kasha zima la omo. Boti inashushwa ikiwa imekamilika, na mwenyewe bado hajui hata inavyokata kona.

Kwa boti ya tumbo moja ushauri huo una hasara zake, lakini unavumilika. Kwa katamarani ndogo, yaani boti ya mashine yenye matumbo mawili membamba na kabini juu yake, ya urefu wa mita 7 au 8, ushauri huo huo unaondoa kile hasa kilichomfanya mtu ainunue.

Rai hii, kwamba uzito hutuliza chombo, haikuzuka hivi hivi. Imetoka kwenye majahazi, na kwa jahazi ni kweli tupu. Jahazi likishusha boriti au magunia na kurudi tupu, nahodha hapandishi tanga kabla hajatia farumi, mawe au mchanga, chini kabisa kwenye mkuku. Chombo kina tumbo moja, tanga linavuta kutoka juu, na kinachokizuia kulala ubavu ni uzito ulioko chini. Wazee wetu walijifunza hayo kwa kupoteza watu, na si jambo la kubezwa. Ila wazee hao hao walikuwa na chombo kingine kisichotiwa farumi hata siku moja. Mvuvi wa ngalawa hajazi mchanga kwenye gogo lake jembamba. Utulivu wake hautoki kwenye uzito, unatoka kwenye mirengu miwili iliyotandazwa kulia na kushoto. Ukimwongezea mizigo humtulizi. Unaididimiza mirengu na kumpunguzia mwendo, na wimbi la kwanza linaingia ndani.

Katamarani ni ya ukoo wa ngalawa, si wa jahazi. Inasimama kwa upana wake. Anayetaka ushahidi mkubwa zaidi atazame boti za Kilimanjaro zinazovusha watu kati ya Dar es Salaam na Unguja. Ni katamarani, zimejengwa Tasmania, Australia, kwa aluminiamu. Waliozijenga wangeweza kutumia chuma cha kawaida kama kwenye meli nyingi, lakini waliukimbia uzito tangu kwenye karatasi ya mchoro.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo rai ya barazani inapoanguka. Chombo kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake, na mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina kilo 1,025 hivi. Chukua katamarani ya mita 7 ambayo kila tumbo lina upana wa sentimita 80 pale linapokutana na maji. Ukitoa sehemu ya mbele iliyochongoka, eneo la matumbo yote mawili juu ya uso wa maji linabaki kama mita za mraba 9. Ili boti hiyo izame sentimita 1 zaidi, kilo 92 zinatosha. Boti ya tumbo moja yenye urefu huo huo na upana wa mita 2.4 inahitaji kama kilo 130 kuzama sentimita hiyo hiyo moja. Kwa maneno mengine, matumbo membamba yanaadhibu kila kilo zaidi kuliko tumbo pana. Sasa jumlisha: maji lita 200 ni kilo 200. Betri nne za kawaida za saa-ampia 100 zinakaribia kilo 120. Mnyororo wa milimita 8, mita 60, ni kilo 85 hivi. Hapo hujagusa jenereta, kiyoyozi wala friji, na tayari boti imezama zaidi ya sentimita 4 kabla abiria wa kwanza hajapanda.

Sentimita 4 ni kitu gani? Kwa boti ya tumbo moja, karibu si kitu. Lakini katamarani ina uvungu, ile nafasi ya wazi kati ya matumbo mawili chini ya sakafu ya kabini, na uhai wake wote umo humo. Mawimbi yanapita uvunguni. Hewa inayobanwa humo inalainisha mshuko. Uvungu ukiwa na sentimita 30 za wazi boti imesimama, kuondoa 4 au 6 ni kuondoa sehemu kubwa ya kinga yake. Wimbi ambalo lingepita sasa linagonga sakafu kutoka chini. Ni kishindo kikavu, kinachotikisa sahani kabatini na kuamsha watoto. Wakati mwingine maji yanarushwa mbele kutoka uvunguni na upepo unayarudisha kwenye kioo cha nahodha. Mwenye boti anarudi nyumbani akisema katamarani ni chombo kibaya cha kupigapiga. Amekosa kujua kwamba kishindo hicho amekinunua mwenyewe, kifaa kimoja kimoja.

Pale Kunduchi niliwahi kusimama nyuma ya boti moja ya namna hiyo, mpya kabisa, imefungwa gatini bila mtu ndani. Mstari wa rangi ya chini, ule ambao kiwandani waliupaka juu kidogo ya usawa wa maji, haukuonekana; ulikuwa umezama. Matundu mawili ya kutolea maji sitahani, yanayopaswa kuwa juu ya bahari, yalikuwa yanapumua: kila wimbi dogo likija, maji yanaingia sitahani kupitia matundu yale, yanatandaa kwenye sakafu nyeupe, kisha yanatoka. Mwani ulikwishaanza kushika pembeni ya tundu la kushoto. Boti haikuwa na kasoro yoyote ya ujenzi. Ilikuwa imevishwa tu, na ilikuwa imevishwa upande wa kushoto zaidi ya wa kulia.

Atakayejibu kwamba ninawaambia watu waende baharini mikono mitupu, hajanielewa. Zipo kilo ambazo hazijadiliwi. Jaketi okozi kwa kila mtu, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Redio ya VHF ya kudumu, antena ikiwekwa juu iwezekanavyo, chaneli 16 ikisikilizwa muda wote. Dira isiyotegemea umeme. Kizimamoto, fataki za dharura, kipima kina, maana mafungu ya mchanga yanahama na ramani haiwezi kuyafuata. Bomba la kutoa ngama katika kila tumbo, lenye king'ora chake: katamarani ina ngama mbili zisizoonana, na tumbo moja linaweza kujaa taratibu huku mtu ananywa chai juu ya lile kavu. Vyote hivyo pamoja havifikii uzito wa tangi lile la maji. Vinavyoizamisha boti si vya usalama, ni vya kuigeuza nyumba.

Nisichoweza kukivumilia ni pale fedha ya televisheni inapotangulia fedha ya petroli safi. Wengi hukubali mashine mbili za boti hizi shingo upande, wakiamini kwamba zinakula mafuta mara mbili. Sivyo. Mafuta hufuata nguvu inayohitajika kuisukuma boti, na nguvu hiyo ikigawanywa kwa mashine mbili za farasi 100 badala ya moja ya 200, tofauti huwa ndogo. Ulaji wa kweli unatoka kwenye uzito na mwendo. Faida kubwa ya mashine mbili ni kwamba moja ikifa, nyingine inakurudisha, na zikiwa zimeachana kwenye tezi unageuza boti mahali pamoja kwa kutia moja mbele na nyingine nyuma. Ila faida ya kwanza inayeyuka pale zote mbili zinapochota kwenye tangi moja kupitia chujio moja. Maji yakiingia kwenye petroli, na katika mwambao wetu petroli ya madumu si kitu cha kuaminiwa kwa macho, mashine zote mbili zinazima kwa pamoja, katikati ya mkondo. Kila mashine iwe na tangi lake, chujio lake la kutenga maji, betri yake ya kuwashia, na swichi ya kuziunganisha betri siku ya dharura tu. Hapo ndipo pa kumwaga fedha ya mwanzo. Pa pili ni waya: waya wa shaba uliopakwa bati, maana ule wa dukani wa nyumba huoza kwa chumvi ndani ya plastiki yake bila kuonekana.

Nanga nayo ina rai yake: mnyororo mtupu hadi mwisho. Kwa meli, sawa. Kwa boti hii, kilo 85 kwenye omo ni kuinamisha matumbo mbele na kuziba mlango wa uvungu. Mita 10 za mnyororo, kilo 14 au 15, kisha kamba nzuri ya nailoni, zinatosha ukitia nanga kwenye mchanga, ambako ndiko inakopaswa kutiwa, si juu ya matumbawe. Kinachookoa ni urefu. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka karibu mita 4. Ukitia nanga maji yamekupwa, kina mita 3, saa sita baadaye una mita 7. Ongeza mita moja ya kimo cha omo, zidisha kwa tano, unahitaji mita 40. Aliyelegeza mita 15 mchana ataamka usiku yuko mahali pengine.

Na joto? Hoja ya kiyoyozi ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na naiheshimu, kwa sababu kabini ya faiba mwezi wa Februari ni tanuri. Hata hivyo boti iliyotia nanga hugeuza omo kwenye upepo yenyewe. Mfuniko wa mbele ukifunguliwa na mlango wa nyuma ukiachwa wazi, upepo unapita ndani ya kabini usiku kucha, na turubai jeupe lililotandwa juu ya sitaha linaondoa sehemu kubwa ya joto kabla halijaingia. Kiyoyozi kinadai jenereta, jenereta inadai petroli ya ziada, na vyote vinadai ukae umefunga madirisha huku unasikiliza injini, mahali ulipokwenda kusikiliza bahari. Deli zuri la barafu linatunza samaki na vinywaji kwa safari ya siku mbili, halina waya, na barafu ikiyeyuka unamwaga maji, nalo linakuwa jepesi.

Raha ya boti hii inatokana na wepesi wake. Inahitaji maji haba, kwa hiyo inaingia kwenye hori za mchanga ambako wengine wanabaki nje. Maji yakipwa, inakaa juu ya matumbo yake mawili ikiwa imenyooka, chai haimwagiki, wakati boti ya tumbo moja imelala ubavu na watu wake wamesimama mchangani wakisubiri. Ikitia nanga haibembei kushoto na kulia kama susu, basi hata wasiozoea bahari hulala. Na kwa mwendo wa kilomita 25 kwa saa, ambao boti nyingi za tumbo moja huupata kwa taabu zikiwa zimeinua omo, yenyewe inateleza tu. Asubuhi ya kaskazi, kabla upepo haujashika, kutoka Msasani kwenda Mbudya au kuzunguka Fungu Yasini kwa boti nyepesi ya namna hii ni starehe ambayo hakuna kifaa kinachoiongeza.

Kwa wenye biashara ya wageni, hesabu ni ile ile na uzito wa wageni juu yake. Imebaki hofu moja: wale wanaosema katamarani ikipinduka haijiinui tena, wanasema kweli, kama ilivyo kwa boti nyingi ndogo za wazi. Ila isiyo na tanga na isiyopakizwa kupita kiasi ni vigumu mno kuipindua.

Kwa hiyo, ndugu uliyelipia boti yako na bado haijafika, ishushe majini ikiwa na vitu vya usalama, mafuta na watu wako tu. Siku ya kwanza, weka alama ya utepe kwenye usawa wa maji, kila tumbo, mbele na nyuma. Pima uvungu kwa futi ya fundi na uandike kwenye daftari. Tembea nayo msimu mmoja wa kaskazi na mmoja wa kusi. Kitu ulichokikosa kweli katika misimu hiyo kinunue, kipime kwenye mizani kwanza, kiweke chini na katikati, halafu rudi ukaangalie utepe. Ukikuta umezama, toa kitu kingine ndipo uendelee.