Kinacholiwa na Kinachovutwa

Dai linalosikika zaidi dukani ni hili: ladha ya unga ni kemikali tupu, ya majimaji ndiyo ya asili. Lakini umbo la kitu halisemi kimetoka wapi. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye ganda la chungwa hukaushwa yakawa unga, na vanilini iliyotokana na petroli huuzwa chupani, majimaji kabisa. Hata huo mpaka wa asili na kiwanda una matobo. Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann walipotengeneza vanilini mwaka 1874, walianzia kwenye kitu kilichopatikana katika utomvu wa misonobari. Baadaye watengenezaji wakahamia kwenye yujenoli, ile inayoyapa mafuta ya karafuu harufu yake. Huenda karafuu zilizoanikwa jamvini Pemba ziliishia kwenye keki ya mtu wa Ulaya aliyeamini anakula vanila.

Wengine husema joto la kukaushia huunguza harufu yote, kinachobaki ni rangi na sukari. Hawa wana hoja, ila nusu. Kiwandani mafuta yenye harufu hupigwa pamoja na maji na kitu cha kuyafunika, mara nyingi gundi ya mgunga kutoka Sudan, hadi yafanane na maziwa. Kisha hurushwa kama matone madogo ndani ya mnara wenye hewa ya nyuzi joto 160 hadi 200. Ukizisikia namba hizo unafikiria tanuri la mkate. Aliyekunywa maji ya mtungini, hata hivyo, analijua jibu: maji yanayotoka jasho kwenye ngozi ya mtungi huondoka na joto, yaliyobaki yakapoa. Tone nalo hujipoza vivyo hivyo maadamu bado lina maji. Yanapokaribia kwisha, hewa imeshashuka hadi nyuzi 80 au 90, na tone limeshajifunga ngozi. Maji hupenya ngozi hiyo. Chembe za harufu, zilizo kubwa zaidi, hukwama ndani. Kuna kinachopotea, hasa harufu nyepesi za matunda. Lakini si yote.

Jaribu mwenyewe kwa juisi ya unga. Mimina kidogo kiganjani, unuse: harufu ipo, lakini kwa mbali. Sasa dondoshea tone la maji, usugue kwa kidole. Chungwa linakurukia puani, kwa sababu ngozi imeyeyuka.

Kuhusu punje za bluu kwenye sabuni ya kufulia, zinazodaiwa kuwa ndizo zenye manukato, sina mengi. Mara nyingi ni chumvi au magadi yaliyotiwa rangi. Manukato kwa kawaida hunyunyiziwa unga mzima, mwishoni.

Lipo dai la nne, na hili huwatoka watu wenye elimu yao: kugeuza unga kuwa punje ni urembo wa kupandishia bei. Kazi yenyewe inafanana na kupepeta, ila upepo unatoka chini. Unga huinuliwa na hewa ya moto, ukaelea, huku ukinyunyiziwa majimaji yanayonata. Chembe hushikana, zikakauka, zikawa punje. Punje humiminika vizuri, huzama majini bila kufanya mabuje, na juu ya yote hazitimui vumbi. Vumbi laini la chakula likitanda hewani likakutana na cheche, hulipuka. Mwaka 2008 vumbi la sukari lililipuka kiwandani Port Wentworth, Georgia, Marekani, na watu 14 wakafa. Kwa sukari tu.

Dai linaloniudhi kuliko yote nimelisikia hata kwa wasimamizi wa kazi: "Si kinaliwa? Basi hakiwezi kumdhuru anayekichanganya." Tumbo na mapafu havina mlango mmoja. Diasetili, inayoipa ladha ya siagi utamu wake, imo ndani ya siagi yenyewe. Mwaka 2000 daktari aliripoti watu wanane waliowahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha bisi huko Jasper, Missouri. Njia zao ndogo za hewa zilikuwa zimezibwa na makovu, na makovu hayo hayaondoki. Wachunguzi wa serikali walikuta hatari kubwa iko kwa wachanganyaji, wale waliosimama juu ya mapipa ya mafuta moto wakimimina ladha ya siagi. California nako, mwaka 2004 na 2006, ugonjwa huohuo ukaonekana kwa watu wa viwanda vinavyotengeneza ladha zenyewe.

Punje hupunguza vumbi, lakini diasetili ni kitu kinachopaa. Ukifungua mfuko wa kilo 25 na kuuinamisha juu ya pipa la moto, kinachokupanda usoni ni mvuke. Leso uliyojifunga puani itazuia vumbi kidogo. Mvuke utapita kama vile hujavaa kitu.