Mupira haiko fasi ya siasa? Basi waanze wao kuitoa

Ndugu vijana wa Kasongo na Kabambare, na ninyi wote muliotawanyika Kindu, Bukavu, Kalemie na Kinshasa lakini bado munafuata mambo ya nyumbani,

Siku hizi tumepata ujumbe mingi ya watu wanaotuuliza swali moja: kwa nini munaleta siasa kwenye mupira? Wengine wanauliza kwa upole, wengine wametutukana. Tunajibu wote hapa.

Swali lilitoka kwa jambo dogo. Mechi ya dimanche, hapa Kasongo, kundi la vijana upande mmoja wa tereni wakaanza kuimba juu ya barabara. Hawakutukana mutu. Walisema "barabara, barabara", wakapiga makofi, wakarudia. Msimamizi wa shindano akashika mikro: hapa si fasi ya siasa, mupira ni mupira, atakayeendelea atatolewa nje. Sawa. Lakini ile mikro ndiyo iliyotumika nusu saa mbele ya pale kutuomba tupige kelele kwa ajili ya mheshimiwa aliyenunua kombe na maillot. Jina lake lilikuwa mgongoni kwa wachezaji wote 22. Watoto waliitwa kuimba jina lile, na waliimba vizuri, walipewa biskuti.

Ile haikuwa siasa?

Msimamo wetu ni huu. Siasa iko uwanjani tangu zamani, na haitatoka. Swali ni nani ana ruhusa ya kuiimba. Mpaka leo ruhusa iko kwa mwenye makuta. Yeye akiimbiwa, inaitwa "animasyo". Mwananchi akiimba shida yake, inaitwa fujo.

Anayesema ni mambo mapya, mambo ya vijana wa simu, tunamwomba asome historia ya uwanja mmoja tu, ule wa Kinshasa unaoitwa leo Tata Raphaël. Wabeleji waliuita kwa jina la mfalme wao Baudouin. Mobutu akauita 20 Mai, siku ya kuzaliwa kwa chama chake, MPR. Leo una jina la padri. Majani ni yale yale, lakini kila mwenye nguvu alipita akabandika jina lake, halafu sisi ndio tunaambiwa tusichanganye mambo.

Na ni kwenye uwanja ule, tarehe 4 Januari 1959, siku ya dimanche, watu walipotoka kuangalia AS Vita Club. Siku ile wakoloni walikuwa wamekataza mkutano wa ABAKO. Wafuasi waliokasirika na masapoteri waliotoka uwanjani wakakutana barabarani, na Léopoldville ikawaka. Serikali ya wakoloni ilikubali wafu 49; wengi wanasema walikuwa zaidi sana. Siku 9 baadaye, tarehe 13 Januari, mfalme alitangaza kwamba Kongo itapata uhuru. Hatusemi mupira ndio ulileta uhuru. Tunasema watu walioingia uwanjani ile siku hawakuacha maisha yao kwenye mlango.

Mobutu alielewa jambo hilo kuliko wote. Ekipe ya taifa ikawa Léopards, ikapewa zawadi iliposhinda Kombe la Afrika 1974, na mwaka ule ule, ilipopigwa 9-0 na Yugoslavia kwenye Kombe la Dunia, wachezaji wakageuka aibu ya Mkubwa. Wazee wetu wanakumbuka ile animasyo ya MPR, kuimba na kucheza kwa ajili ya chama shuleni, kazini, kila fasi. Hakuna aliyeuliza kama unapenda. Sasa mutu akitusimamisha mbele ya tereni tuimbe jina la mheshimiwa, wale wazee wanaangalia chini. Wanaijua ile nyimbo, hata kama maneno yamebadilika.

Tuje karibu. Mwaka 2016, kwenye Stade des Martyrs, masapoteri waliimba kwa Lingala kwamba mandat ya Rais Joseph Kabila imekwisha. Uwanja mzima. Mandat ilikuwa inafikia mwisho tarehe 19 Desemba 2016, na siku chache tu mbele ya tarehe ile Linafoot ikasimamisha shampiyona, ikisema ni kwa sababu ya fujo viwanjani. Uchaguzi ulikuja tarehe 30 Desemba 2018, miaka miwili nyuma. Kila mutu ajipimie mwenyewe kama ilikuwa fujo tu iliyowaogopesha.

Halafu Abidjan, tarehe 7 Februari 2024, nusu fainali na Côte d'Ivoire. Sisi wengi tuliangalia kwa jenereta, tumebanana kwenye salle ya video. Wakati wa wimbo wa taifa, Léopards wakafunika mdomo kwa mkono mmoja, na ule mwengine wakaweka vidole viwili kwenye kichwa, mfano wa bunduki. Dunia nzima ikaona. Mule ndani watu walinyamaza, na tulio na ndugu Salamabila, waliokimbia nyumba zao zaidi ya mara moja, hatukuhitaji mutu wa kutufasiria. Tulifungwa 1-0. Asubuhi yake hakuna aliyezungumza juu ya bao la Haller, watu walizungumza juu ya ile mikono. Na hatukusikia hata kiongozi mmoja wa nchi akisema wachezaji waliharibu mupira.

Vilevile Maroko, kwenye CAN ya juzi: yule sapoteri Michel Kuka Mboladinga, alisimama mechi nzima bila kutikisika, mkono juu, mfano wa sanamu ya Lumumba. Tulimpenda wote. Lakini tuulize: Lumumba alikuwa mchezaji wa namba ngapi? Chama chake kilikuwa na nguvu sana hapa Maniema, babu zetu wanaweza kuwaeleza. Yule ndugu alisimama na siasa nzima ya Kongo juu ya kichwa chake, na kwa sababu alinyamaza, kila mutu alipiga makofi.

Hata serikali yenyewe iko uwanjani. Mwaka 2025 ilifunga mkataba na Barcelona wa miaka 4, na magazeti yaliandika zaidi ya milioni 40 za euro, ili jina la nchi yetu liandikwe kwenye nguo zao za mazoezi. Milan na Monaco pia. Walisema ni kwa kuonyesha sura nzuri ya Kongo, na mwaka ule ule waliomba klabu za Ulaya ziachane na matangazo ya Rwanda. Hapo kwenye Rwanda hatupingi hata kidogo. Lakini mutu anayelipa ili ujumbe wake ukae mgongoni kwa mchezaji wa Barcelona hawezi kumwambia kijana wa Kabambare kwamba mupira hauna ujumbe.

Sasa tuzungumze na wenzetu wa ndani, kwa sababu hata kwenye mkutano wetu hatukukubaliana haraka. Dada mmoja alisema: tereni ndiyo fasi moja iliyobaki ambapo Mukusu, Mubangubangu, Muzula na Mubuyu wanaketi pamoja, muislamu na mukristo, aliyepiga kura huku na aliyepiga kule. Mukiingiza nyimbo zenu, mutaivunja. Tulinyamaza kidogo, kwa sababu ni kweli. Tumeona jinsi mechi inavyoharibika. Inaanza kwa kumzomea mwamuzi, inafika kwa kabila la mwamuzi, na kutoka pale mawe hayako mbali.

Njo maana tumekubaliana mambo ambayo tunayashika sisi wenyewe kwanza. Hatutaimba jina la mutu. Wala "aishi", wala "aondoke". Tunajua hapo tunajipinga kidogo, kwa sababu tumetoka kuwasifu wale wa 2016, na wao walitaja jina. Lakini wao walikuwa Kinshasa. Hapa kwetu jina lile lina ndugu: upande wa mama yake Kabila ni wa huku, Wabangubangu, na kuna nyumba Kasongo ambamo kaka na dogo hawali sahani moja kwa sababu ya jina hilo. Jina la mutu linagawanya tereni katikati. Daraja lililovunjika halina kabila.

Kabila la mutu pia halitatoka kwenye midomo yetu, hata kwa kucheka. Anayeanzisha wimbo wa namna ile si wetu, na tutamwambia pale pale mbele ya watu, hata kama amevaa nguo yetu. Na hatuchukui makuta ya mutu yeyote ili tuimbe, hata ya mpinzani, hata ya yule anayejifanya rafiki wa vijana miezi mitatu mbele ya uchaguzi.

Kwa watoto hapana kabisa. Mechi ya wadogo ni ya wadogo. Biskuti za mheshimiwa zilituuma, basi na sisi tusiwape za kwetu.

Kuna wanaotuambia FIFA inakataza. Wana haki kwa sehemu. Kanuni za nidhamu za FIFA zinaadhibu ujumbe wa siasa kwenye mechi zake, na sheria za mchezo hazitaki maneno ya siasa kwenye nguo za mchezaji. Sawa, tuzisome zote basi. Kama ni sheria, ile maillot yenye jina la mgombea ndiyo ingevuliwa ya kwanza. Wale vijana walioimba barabara hawakuwa wachezaji, walikuwa wananchi wamesimama nje ya mstari.

Na tena, kwetu barabara ni mupira wenyewe. Ekipe ya Kabambare ikikuja kucheza Kasongo wakati wa mvua, inakuja kwa pikipiki, watatu watatu, wanabeba viatu kichwani kwenye matope. Wanafika wamechoka, wanacheza dakika 20, halafu tunasema ni dhaifu. Siku nyingine mechi inangojea mpaka kesho yake. Hata Maniema Union, ilipofika kwenye makundi ya Champions League ya Afrika msimu wa 2024-2025, haikuweza kupokea Sundowns wala Raja kule Kindu. Ilikuwa mwenyeji Kinshasa, na sisi wa Maniema tukabaki kuangalia klabu yetu kwenye simu. Nani atatuambia kwamba kudai uwanja na barabara haihusu mupira?

Kwa waandalizi wa mashindano, ombi letu ni dogo. Mukifunga mikro kwa siasa, fungeni kwa wote, kuanzia kwa yule aliyenunua kombe: apewe kiti, apewe asante, asiimbiwe. Mukiifungua, musitume polisi kwa wale wanaoimba bila malipo. Na polisi, tunawaheshimu, lakini mutoto wa miaka 17 akipiga makofi na kusema barabara, kosa lake liko kwenye sheria gani? Mutuonyeshe tusome.

Kwa vijana: dimanche inayokuja tuko kwenye tereni kama kawaida. Tutaimba wakati wa mapumziko na mwishoni, wakati mupira umesimama, ili wachezaji wasipoteze akili yao. Wimbo ni juu ya barabara ya Kasongo na Kabambare, hakuna mwengine. Mutu akianza kutukana, tunakaa chini wote, tunanyamaza mpaka aone haya. Mutakutana nasi upande wa jua, maana kule kwenye kivuli viti vimeshawekwa kwa wakubwa. Mukuje na maji ya kunywa.